Fundi Simu wa Kanyenye Anayeona Haya Kusamehewa

Saa tatu asubuhi, Kanyenye, mjini Tabora. Shaban Pazi ameiinamia simu ya mteja kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Anaigeuza, anaifuta kioo kwa pamba, anaisogeza mdomoni na kubonyeza kitufe cha kurekodi.

"Moja. Mbili. Tatu."

Anaachia kitufe. Simu inamrudishia sauti yake vilevile alivyoitoa. Anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaiweka pembeni na kuchukua nyingine. "Moja. Mbili. Tatu."

Julieth, anayekaanga mihogo mbele ya kibanda cha Shaban, anaongea bila kugeuka. "Huyu bwana zamani ukileta simu hapa unaondoka mbavu zinauma kwa kucheka. Siku hizi anahesabu kama mtoto wa chekechea."

Shaban amesikia. Anainama zaidi.

Ana umri wa miaka thelathini na minane, mke na watoto watatu, na meza moja yenye taa, bisibisi, kioo cha kukuzia na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Siku nzuri anarudi nyumbani na shilingi elfu ishirini. Siku mbaya ni elfu tano, na hapo kodi ya kibanda, elfu hamsini kwa mwezi, inamsubiri. Kwa ufundi, mtaa mzima unamkubali. Hata sasa wateja hawajamkimbia, na hilo ndilo linalomsumbua.

"Wangenikimbia ningeelewa," anasema. "Wanakuja, wananicheka, wananiachia simu zao. Mimi ndiye siwezi kuwatazama."

Kila fundi ana lake la kujaribia maiki. Wako wanaosema "halo, halo". Wako wanaoimba. Shaban alikuwa akizika watu.

Ukimletea simu, na ukiwa Mnyamwezi, alikutangazia msiba wako mwenyewe kwa sauti ya kilio, ndani ya simu yako, kisha akakusikilizisha. Alisema umekufa kwa kuvimbiwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, au umekanyagwa na baiskeli yako. Wateja walishika mbavu, na wengine walirudi na simu nzima, hazina tatizo lolote, ili wazikwe tu.

Hakuna aliyekasirika, kwa sababu Shaban ni Mzaramo. Babu yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa, akabaki. Na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kulala kwenye vijiji vya Wazaramo. Mtani atakuita mchawi, mlafi au maiti, na wewe utacheka. Hata msibani kweli, mtani huja kumwigiza marehemu mbele ya jeneza na kuzuia mazishi mpaka apewe chochote. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu.

Utani huo ulimkaa Shaban mdomoni kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo, mpaka mwezi wa nane mwaka huu.

Siku hiyo Mathias Ngollo, mfanyabiashara wa asali anayeishi Cheyo, alileta simu iliyopasuka kioo. Alikuwa na haraka. Gari la kwenda Sikonge kununua asali lilikuwa linamsubiri, na kesho yake angerudi. Aliiacha simu mezani akaondoka.

Shaban alifungua, akatoa kioo kilichovunjika, akaweka kipya. Hapo anasimama kidogo kueleza, kwa kuwa anataka msomaji aelewe vizuri kabla hajamhukumu.

"Kioo cha simu kina kazi mbili kwa wakati mmoja. Kinakuonyesha, na kinapokea kidole chako. Watu wanakumbuka ile ya kuonyesha tu. Kikiwa kibovu upande wa kupokea, wewe unabonyeza hapa, chenyewe kinasikia kule. Sisi tunasema kinaruka."

Alipomaliza kukibana, aliwasha na kufungua Watsapu ili ajitumie ujumbe wa sauti kwenye namba yake mwenyewe. Jaribio hilo moja linatosha kumwambia kama maiki inachukua, spika inatoa, na simu inatuma na kupokea. Alishika kitufe, akavuta pumzi, akaanza kulia kilio chake.

"Jamani Wanyamwezi, poleni sana. Mathias Ngollo hatunaye. Nyuki wa Sikonge wamemmaliza..."

Kioo kikaruka. Kurasa zikaanza kupishana zenyewe, moja juu ya nyingine. Shaban, macho yakiwa ukutani kwa ile raha ya kuigiza, aliendelea: "...na asali yake yote tumerithi sisi Wazaramo, nyie leteni jembe tu!" Akaangua kicheko. Alipotazama chini na kuona kioo kinavyohangaika, alisonya, akazima simu, akaifungua upya. Hakuangalia sauti ile imekwenda wapi.

Ilikwenda kwenye kundi la Watsapu la ukoo wa akina Ngollo wa Nzega, lililofunguliwa na kioo badala ya namba ya Shaban, na ilikwenda nusu, kwa kuwa kioo kilipokipoteza kidole chake kiliituma palepale ilipofikia. Kilio kilifika Nzega, kicheko kikabaki Kanyenye.

Mchana huohuo alibadilisha kile kioo, akaweka kingine kilichotulia. Betri ilikuwa imekwisha, basi akaichomeka kwenye chaji ikiwa imezimwa, akafunga kibanda na kwenda zake nyumbani. Tangu hapo kila aliyempigia Mathias aliambiwa namba hiyo haipatikani.

Marcelina, mke wa Mathias, alikuwa anafua. Anakumbuka povu lilikuwa bado mikononi alipopokea simu ya shemeji yake.

"Aliniuliza nimejiandaaje. Nikamuuliza, kujiandaa na nini?" anasimulia, sebuleni kwake Cheyo. "Sauti sikuijua ya nani, lakini imetoka kwenye simu ya mume wangu. Mume wangu kweli yuko Sikonge. Kweli kafuata asali. Wewe ungesema nini?"

Alikwenda hospitali na kanga za nyumbani, akiulizia wodi hadi wodi kama kuna mtu ameletwa, ameumwa na nyuki. Alipoambiwa hayupo, aliona labda amebaki hukohuko Sikonge. Ndugu wa mjini walimshika mkono, wakampandisha gari na watoto kuelekea kijijini kwa mama mkwe, kama inavyotakiwa.

Huko kijijini, nje kidogo ya mji wa Nzega, Mama Apolinaria Ngollo alisikilizishwa ile sauti kwenye simu ya jirani. Yeye mwenyewe ana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, hakipokei mambo hayo. Wanajumuiya wa kanisani kwake walifika na sufuria na rozari. Wazee wakamwomba aonyeshe mahali. Alinyanyuka, akaonyesha kwa kidole pembeni ya kaburi la marehemu mumewe, na vijana wakaanza kuchimba.

Asubuhi yake Mathias alirudi Tabora na madumu yake ya asali. Nyumba imefungwa. Jirani aliyemwona getini alipiga yowe na kukimbilia ndani.

"Mimi nikajua nimeibiwa," anasema Mathias. "Nikaenda kwa fundi kuchukua simu ili nimpigie mke wangu. Naiwasha tu, zinaingia meseji, pumzika kwa amani, pumzika kwa amani. Nauliza, nani kafa? Kumbe ni mimi."

Alimpigia mama yake. Mama Apolinaria aliona jina la marehemu likiwaka kwenye kiswaswadu chake, akakitupa uani. Hakukuwa na njia nyingine. Mathias alipanda gari akaenda mwenyewe, akafika kaburi limeshakamilika.

Anayajua yaliyofuata vizuri, ila hapendi kuyasimulia. Anasema tu kwamba mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamnusa, akaketi chini. Alikaa pale hadi jua lilipozama.

Lilibaki swali la lile shimo. Wazee waliamua kwamba kaburi lililofunguliwa halifukiwi tupu. Walikata gogo la mninga, wakalifunga shuka, wakalizika. Tuta likabaki pale, hatua chache kutoka jikoni, na kila Mama Apolinaria anapokwenda kuwasha moto lazima alipite.

Wiki hiyohiyo Shaban alifunga safari kwenda kuomba radhi. Alibeba jogoo na sukari. Njia nzima alijiandaa kupigwa.

Hakupigwa. Wazee walipomwona waliangua kicheko. Walimfunga kamba, wakamwambia Mzaramo leo ndiye atakayezikwa, wakamtoza jogoo, wakamwachia. Mathias alimpiga begani. Mama Apolinaria alimpika yule jogoo, akampakulia Shaban wa kwanza, akasema, "Karibu mtani," kisha akaingia ndani.

"Nilikula," anasema Shaban. "Nilitamani yule mama anitukane. Anitukane tu. Lakini mimi ni mtani, atanitukanaje?"

Hapo ndipo makala haya yangeishia, kama Shaban angekuwa mtu wa kuachia mambo yapite. Msiba haukuwepo, faini imelipwa, watu wamecheka. Mwandishi alikuwa ameshafunga kalamu aliposema, kwa sauti ya chini ili Julieth asisikie, kwamba kuna kitu hajakisema.

Wiki moja kabla ya Mathias kuleta simu, mteja mwingine alirudisha kioo. Kilikuwa kinaruka. Kilitoka kwenye mzigo uleule wa kioo cha Mathias, alioagiza Dar es Salaam, vioo vya bei nafuu. Shaban alimbadilishia mteja yule, lakini vilivyobaki hakuvitupa. Alijiambia akivibana vizuri vitakaa.

"Nilijua," anasema. Anasugua meza kwa kidole, mahali pasipo na uchafu. "Kile cha Mathias nilikiweka huku najua. Nilipoona kinaruka, nikakibadilisha haraka, yeye hajui mpaka leo. Watu wote wanazungumzia mdomo wangu. Mdomo umesamehewa kwa sababu ya utani. Kioo kile hakina utani wowote. Ule ni ujanja wangu, nimeuficha nyuma ya utani. Nimekula jogoo wa watu juu ya ujanja wangu."

Anaona haya, na anasema hivyo waziwazi. Anaona haya akiamka, anaona haya akisalimiwa na Mathias njiani. Ndiyo maana anahesabu moja, mbili, tatu. Anaogopa kufungua mdomo, asije akachekesha tena watu wasiojua wanamchekea nani.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, Marcelina alileta kiswaswadu cha mama mkwe wake. Tangu kitupwe uani kilikuwa na tatizo. Mama anawasikia watu vizuri, ila wao hawamsikii. Wanabaki halo, halo, mpaka wanakata.

Shaban alibadilisha maiki. Marcelina akataka kukituma kwa kondakta wa basi. Shaban akamwambia hapana, atakipeleka mwenyewe Jumapili. Kisha akamwuliza mwandishi kama naye angependa kwenda. Bila shaka aliogopa kwamba, akiwa peke yake, angeshuka kituo cha kwanza na kurudi.

Mama Apolinaria tunamkuta uani, anageuza michembe juu ya gunia kabla mawingu hayajakaza. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Lile tuta liko pale. Limeanza kuota majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani." Anamtazama mwandishi. "Na huyu uliyekuja naye ni mzima, au naye ulishamzika?"

Watu waliopo wanacheka. Shaban hacheki. Anampa simu kwa mikono miwili na kumwomba aijaribu. Mama anasema fundi ndiye ajaribu. Shaban anajibu kwamba yeye hajaribu tena kwa maneno, halafu, akiwa bado amesimama, miguu pamoja kama mwanafunzi, anamweleza habari ya kioo. Anaanza na yule mteja aliyerudisha, na ule mzigo, na kujiambia kwake kwamba kitakaa. Haongezi kichekesho wala harembi.

Mama Apolinaria ameacha kugeuza michembe.

"Ulijua ni kibovu?"

"Nilijua, mama."

"Kabla hujakiweka kwenye simu ya mwanangu?"

"Kabla."

"Na ulipokaa hapa ukala kuku, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Anainuka taratibu, mkono kiunoni. "Basi huo si utani."

Halafu hasira inatoka. Mwandishi amewahi kuona watu wakigombezwa, lakini si hivi. Sauti yake haipandi sana, ila haisimami.

"Miezi yote hii nina hasira sina pa kuiweka. Nikitaka kusema, wananiambia mama, yule ni mtani. Nikilia, wananiambia cheka, mtoto si yupo? Yupo! Lakini mimi nilishamzika! Nilimchagulia shuka. Waliniuliza achimbiwe wapi, nikanyoosha kidole hiki, hiki, nikasema pale. Mama gani anamwonyeshea mwanawe mahali? Usiku naota nimeonyesha, na wamemweka kweli. Na wewe ulikuwa na kibovu mkononi, unajua ni kibovu, ukakiweka! Huna mama wewe? Huna watoto?"

Majirani wamesogea kwenye ua wa minyaa. Mmoja, mzee wa makamo, anajaribu kutuliza mambo. "Mama Mathias, huyu si mtani wetu?"

"Leo si mtani," anasema Mama Apolinaria. "Leo ni fundi. Niache niseme na fundi."

Yule mzee anarudi nyuma ya ua. Shaban amesimama, mikono nyuma, machozi yanamtiririka na hayafuti. Anasemwa mpaka michembe inaanza kudondokewa na matone ya mvua, na hapo Mama Apolinaria mwenyewe anamwamuru amsaidie kubeba gunia ndani.

Wakiwa wamejibanza barazani, mvua inapiga bati, Mama Apolinaria anajifuta matone usoni. Kisha ananyoosha kidole kilekile kuelekea uani.

"Lile tuta utalitoa wewe. Vijana wa hapa wasikusaidie. Ufukue, utoe lile gogo nikapikie, ufukie vizuri, usawazishe. Nataka kupanda karanga pale, na mvua ndiyo hii."

"Nitakuja Jumamosi, mama."

"Njoo na jembe lako. Langu sikupi."

Njiani kurudi Tabora, tunakaribia kuingia mjini. Mwandishi anamwuliza Shaban anajisikiaje. "Haya bado ipo," anasema. "Lakini sasa naona haya mbele ya mtu anayejua. Ni afadhali."

Jumatatu anamwita Mathias kibandani na kumweleza yote, kisha anavikanyaga vile vioo vilivyobaki mbele yake, kimoja kimoja. Mathias anachutama. Anavitazama vipande, anatoa simu yake mfukoni, anauliza kama kilichomo sasa hivi ni kizima. Shaban anamwambia ni kizima. Mathias anaondoka bila kumpiga begani. Shaban anasema hakutegemea zaidi ya hapo, na kwamba atasubiri.

Ana mpango. Bei za vioo ameziandika kwa chaki kwenye ubao, vile halisi na vile vya nafuu, na kila mteja ataonyeshwa kioo kikijaribiwa mbele yake kabla hajalipa. Anajua atapoteza wateja wa nafuu. Jumamosi hatafungua kibanda.

Siku moja kabla, Ijumaa jioni, yuko sokoni kwenye meza ya majembe. Analipima moja kwa mkono, analirudisha, anachukua jingine zito zaidi. Muuzaji, Mnyamwezi mwenye tumbo na sauti kubwa, amemtambua, na hawezi kuiacha nafasi kama hiyo ipite.

"Mzaramo na jembe wapi na wapi? Haya, sema, leo nani kafa?"

Watu wa meza za jirani wanageuka, tayari kucheka. Shaban anahesabu noti, anampa, analiweka jembe begani.

"Hakuna aliyekufa," anasema. "Naenda kupanda karanga."